Udongo wa Usukuma na Elimu Yake

Katika Mkutano Mkuu wetu uliofanyika hapa Butimba mwaka uliopita, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa vema siku ile. Kamati ilikuwa imeomba idhini ya kumlipia karo binti wa mwanachama mwenzetu, aliyemaliza Kidato cha Sita, akasome elimu ya udongo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mzee akasema: "Mtoto wa Kisukuma apelekwe mbali akafundishwe udongo! Atajifunza nini asichokijua babaye?" Watu wakacheka, nasi wa mezani tukacheka, na idhini ikapita kwa kura chache. Kwa kuwa kijitabu hiki ni cha kukumbuka miaka kumi ya Chama chetu, tumeona vema kumjibu mzee wetu kwa njia ya historia. Na twakiri mapema kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo iko upande wake.

Wazee wetu waliupa udongo majina kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Ukishuka kutoka kwenye majabali hadi bondeni, kila hatua ina jina lake. Luseni ni mchanga mwepesi wa mteremkoni, rahisi kulimwa na mwepesi kuchoka. Chini yake upo itogolo, unaotuamisha maji, ambamo wengi wetu twalima mpunga. Ibambasi ni mgumu kama sakafu. Mwisho ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Aliyetajiwa jina alijua apande nini.

Mwaka 1935 Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Alieleza kwamba udongo wa juu na wa chini ni ndugu: maji huchukua chembe na chumvi kutoka kilimani na kuziweka bondeni, hata aharibuye juu huwa ameharibu na chini. Neno hilo hufundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia, nalo lilizaliwa Afrika Mashariki. Na wataalamu waliokuja kuuchunguza udongo wa Usukuma waliyaandika majina yetu katika vitabu vyao, maana hawakupata yaliyo bora zaidi.

Kwa nini basi elimu hiyo haikupendwa? Kituo cha Ukiriguru, kilichoanza kazi ya pamba katika miaka ya 1930, kilijaribu samadi na matuta yaliyofungwa ili kuzuia maji, na majaribio hayo yalikuwa na faida. Lakini mpango wa serikali ya kikoloni wa kuiendeleza Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliyaleta mashauri hayo kwa amri na faini, pamoja na kupunguza ng'ombe. Watu wakayachukia matuta kama walivyoichukia faini, na kufikia mwaka 1958 serikali ilikuwa imelegeza masharti hayo. Ushauri mwema ulizikwa pamoja na amri mbaya, na hasara hiyo twailipa hata sasa.

Ushirika nao ulikuwa na shughuli nyingine. Victoria Federation ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Bwana Paul Bomani, ilipigania mizani ya haki na bei ya pamba, na ilistahili sifa. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika misukosuko hiyo yote udongo haukuwekwa mezani.

Hata sisi hatuna la kujisifia. Katika mwaka wa tatu wa Chama tuliagiza salfeti ya amonia kwa wanachama wote, aina moja, kipimo kimoja, wa luseni na wa mbuga sawasawa. Mbolea hiyo huongeza tindikali katika udongo, na mchanga hauna nguvu ya kuihimili kama ufinyanzi. Baada ya misimu michache wenye mashamba ya luseni walituletea mahindi yaliyodumaa, nasi tukawaambia waongeze mbolea! Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mzee. Baba ajua kwamba shamba limechoka. Kama limekosa naitrojeni, au fosforasi, au limezidiwa na tindikali, jicho laweza kukosea. Nao mfuko umponyao mmoja humuumiza mwingine.

Zamani kijana aliyetaka shahada ya kilimo alivuka Ziwa kwenda Makerere. Mwaka 1969 kitivo cha kilimo kilianza Morogoro chini ya chuo cha Dar es Salaam, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Binti yetu sasa yuko huko, anachimba mashimo na kusoma matabaka, na kemia yampa taabu, kwa barua yake mwenyewe.

Atakuja likizo ndefu ijayo. Kila mwanachama alete ofisini kopo moja la udongo mkavu, uliochotwa sehemu kadhaa za shamba na kuchanganywa, usitoke penye zizi wala kichuguu. Juu ya karatasi aandike jina lake, mazao ya misimu mitatu, na jina la udongo huo kwa Kisukuma. Mzee aliyeuliza swali amekwisha kuleta makopo mawili.