Riwaya Bila Mpiga Chapa: *Maurice* na Baraza la Wasomaji Wake, 1914–1971

Vitabu vya historia ya fasihi vina desturi ya kuipa riwaya tarehe moja tu, nayo ni ile ya kuchapishwa. Kwa desturi hiyo, *Maurice* ya E. M. Forster ni riwaya ya 1971, mwaka mmoja baada ya kifo cha mwandishi wake, na aghalabu hutajwa mwishoni mwa orodha kama kitu kilichookotwa katika saraka ya marehemu. Makala haya yanakusudia kuipinga tarehe hiyo. Si kwamba ni ya uongo, bali yaficha mengi kuliko inayoyafunua. Riwaya hii ilimalizika kuandikwa mwaka 1914, na kwa muda wa miaka 57 ilisomwa, ikajadiliwa, ikalaumiwa na kurekebishwa kutokana na maneno ya watu wachache, mfano wa wale wanaoweza kuenea katika baraza moja la jioni. Watu hao walikuwa marafiki wa mwandishi, wengi wao waandishi wenyewe, na wengi wao wanaume waliowapenda wanaume wenzao. Mazungumzo yao ndiyo uhakiki wa pekee ambao kitabu hiki kiliupata mwandishi wake akiwa hai, na zipo sehemu za kitabu chenyewe ambazo haziwezi kuelezwa pasipo mazungumzo hayo.

Yafaa kwanza tuseme jambo juu ya istilahi. Kiswahili cha kitaaluma bado hakijatulia juu ya namna ya kuyataja mapenzi ya aina hii bila ya kutukana. Neno *shoga*, ambalo kwa wanawake wa pwani ni neno la upole la kumwitia rafiki, likipelekwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi. Lugha imeutia urafiki na aibu ndani ya neno moja, kisha ikaiachia jinsi ya mtajwa iamue. Nami nitasema tu *mapenzi ya wanaume kwa wanaume*, maelezo marefu lakini yasiyomdhuru mtu. Msomaji asidhani kwamba wenzetu Waingereza wa 1914 walikuwa na hali bora. Maurice mwenyewe, aliposimama mbele ya daktari akitaka kueleza yaliyomo moyoni mwake, hakuwa na neno la kujiitia, ikambidi alitaje jina la Oscar Wilde ili aeleweke.

Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 1885 ililifanya kuwa jinai tendo lolote la mapenzi baina ya wanaume, hata likitendeka faraghani, na kwa sheria hiyo Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu mwaka 1895. Forster alikuwa na umri wa miaka 16 wakati huo. Wala sheria hiyo haiko mbali nasi kama tunavyopenda kudhani: kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ni kizazi chake, na Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kukitangua mnamo Mei 2019. Mwandishi aliyetaka kusimulia kisa cha wanaume wawili wapendanao, tena kisa chenye mwisho wa furaha, alikuwa na njia mbili: aache kuandika, au aandike kwa ajili ya watu anaowajua kwa majina.

Forster alijaribu njia zote mbili. Baada ya *Howards End* (1910) alikuwa mwandishi mwenye sifa, lakini katika shajara yake ya 1911 alilalamika kwamba amechoshwa na maudhui ya pekee anayoruhusiwa kuyashughulikia, yaani mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Ndipo mwaka 1913 alipokwenda Millthorpe, katika wilaya ya Derbyshire, kumzuru Edward Carpenter, mwandishi na mjamaa aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenziwe George Merrill, mtu aliyetoka katika mitaa ya maskini ya Sheffield. Merrill alimgusa Forster mgongoni, chini ya kiuno, na Forster alieleza baadaye kwamba riwaya nzima ilimjia kutokana na mguso huo. Alikwenda Harrogate, ambako mamaye alikuwa akijitibu kwa maji ya mji huo, akaanza kuandika mara moja. Kisa ni chepesi kukisimulia. Maurice Hall anampenda Clive Durham, mwanafunzi mwenziwe wa Cambridge; Clive anataka mapenzi ya fikra tu, kisha anaoa; Maurice, baada ya kutafuta tiba bure, anapendana na Alec Scudder, mtunza wanyama wa mawindo katika milki ya Clive mwenyewe. Alec alikuwa karibu kuhamia Argentina. Anaiacha meli, na wawili hao wanatoweka pamoja katika misitu ya Uingereza.

Kutoweka huko ndiko kulikozua mjadala, na hapa ndipo tunapowaona marafiki wakifanya kazi ya wahakiki. Carpenter, aliyekwisha kuishi na Merrill kwa miaka mingi, aliupenda mwisho wa kisa na kumpongeza mwandishi kwa kumaliza kwa shangwe. Lytton Strachey hakukubali. Katika barua yake ya Machi 1915 alisema kwamba uhusiano wa Maurice na Alec umesimama juu ya tamaa na udadisi tu, na akaukadiria kudumu kwa majuma sita. Maneno haya yalimwingia Forster kama mwiba. Miaka 45 baadaye, alipoandika maelezo yake ya kumalizia riwaya mnamo 1960, alikuwa bado akimjibu Strachey, ambaye alikuwa amekwisha kufa tangu 1932. Ni nadra kuupata ushahidi ulio wazi namna hii wa jinsi barua ya rafiki mmoja inavyoweza kukaa katika akili ya mwandishi kuliko mapitio kumi ya magazeti.

Ushahidi mwingine ni wa tamati iliyokatwa. Katika mswada wa awali, Forster alikuwa ameongeza sura ya kufungia ambamo Kitty, dada yake Maurice, akipita msituni miaka kadhaa baadaye, anawakuta wakata miti wawili, mmoja wao akiwa ndiye kaka yake. Kila msomaji aliichukia sura hiyo. Forster mwenyewe amelikiri jambo hili, na akaiondoa. Tujiulize: ni mhariri gani wa nyumba ya uchapishaji aliyewahi kuwa na sauti ya pamoja yenye nguvu kama hiyo? Tamati hiyo ilikuja kuchapishwa kama kiambatisho katika toleo la kitaaluma la 1999, na yeyote atakayeisoma ataona kwamba marafiki wale walikuwa na haki.

Lakini si kila rafiki alikuwa tayari kusoma. Goldsworthy Lowes Dickinson, mwalimu na mwandani wa Forster, alichukizwa na hadithi fupi ya mapenzi aliyoonyeshwa, na chuki hiyo ilimtikisa sana mwandishi, ingawa kwa *Maurice* alikuwa mpole zaidi. T. E. Lawrence alisoma mojawapo ya hadithi fupi za siri naye akaicheka, jambo ambalo Forster hakulitarajia, kwani alikuwa ameiandika kwa uchungu. Alipopewa nafasi ya kuisoma riwaya, Lawrence alisita na hatimaye akakataa kwa hofu. Kukataa huku nako ni sehemu ya historia ya usomaji. Baraza lina wanaoketi na lina wanaopita wakijifanya hawakusikia.

Tena yapo aliyoyaharibu mwandishi mwenyewe. Mwaka 1922, alipokuwa amekwama katika kuandika *A Passage to India*, alizichoma baadhi ya hadithi zake za aina hii kwa kuona kuwa zinamzibia njia. Riwaya ya Bara Hindi ilitoka 1924, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1970 hakuchapisha riwaya nyingine. Wahakiki wengi wamekiita kipindi hicho cha miaka 46 kuwa ni kimya cha Forster. Kwa maoni yangu, neno kimya halifai. Mtu anayeandika hadithi, akazipiga taipu, akazisomesha, akazipokea zikiwa na maoni, kisha akazirudia, hajanyamaza. Amebadilisha hadhira tu. Hadithi hizo zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1972 kwa jina la *The Life to Come*, na ndipo ilipoonekana jinsi kimya hicho kilivyokuwa na maneno.

Si ajabu kwamba Forster aliweza kuishi hivyo, kwa sababu alikuwa amelelewa katika mazungumzo. Mwaka 1901 aliingizwa katika ile jumuiya ya siri ya mazungumzo ya Cambridge, iliyoanzishwa 1820, ambayo wanachama wake hukutana, mmoja akasoma insha na wenziwe wakaijadili. Huko alijifunza kwamba andiko husomwa ili lizungumzwe. Halafu, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alikaa Alexandria, Misri, tangu 1915 hadi 1919 akilitumikia shirika la Msalaba Mwekundu, na huko akakutana na mtu aliyekuwa ameigeuza desturi kama hiyo kuwa mfumo kamili. C. P. Cavafy, mshairi wa Kigiriki aliyekuwa karani katika idara ya umwagiliaji maji, hakuuza diwani yoyote ya mashairi maishani mwake. Alichapisha shairi moja moja kwenye karatasi, akazifunga pamoja, akawapa watu aliowachagua, na alipobadilisha nia akabadilisha karatasi. Mengi ya mashairi hayo yalihusu mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Forster ndiye aliyewajulisha Waingereza habari zake kwa insha ya 1919. Cavafy alikufa 1933, na diwani yake ikatoka 1935.

Mwaka huohuo wa 1933 mswada wa *Maurice* ulifika mikononi mwa kizazi kipya. Christopher Isherwood, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alikuwa amejulishwa kwa Forster mwaka uliotangulia na rafiki yao William Plomer. Isherwood ameyasimulia mazungumzo yao katika kitabu chake cha 1976, *Christopher and His Kind*. Forster, mzee wa miaka 54 na mwandishi mashuhuri, alimuuliza kijana huyo kwa wasiwasi kama riwaya imepitwa na wakati. Isherwood akamrudishia swali: kwa nini isipitwe? Aliona kwamba lugha ya kitabu ilikuwa na haya nyingi mno, na kwamba baadhi ya tafsida zake zilikuwa zimezeeka. Lakini aliona pia kwamba mtu aliyeyaandika haya mwaka 1914, bila ya kuwa na kielelezo mbele yake, alikuwa amefanya jambo ambalo yeye Isherwood, pamoja na ujasiri wake wote wa Berlin, asingelithubutu. Urafiki wao ulidumu hadi mwisho, na mswada ukawa mada yao ya kudumu.

Sisi wa fasihi ya Kiswahili tusingepaswa kushangazwa na maisha ya andiko kama haya. Utendi wa Mwana Kupona uliandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja, binti yake, ukanakiliwa kwa mkono nyumba hata nyumba muda mrefu kabla haujapigwa chapa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na kitabu chake kikatoka 1940. Hakuna mwanafunzi wetu anayemwita Muyaka mshairi wa 1940. Silinganishi maudhui hapa, kwani ni mbali kama mbingu na ardhi. Nalinganisha njia andiko linamopita. Ikiwa tunakubali kwamba Muyaka ni wa zama zake kwa sababu alisikika katika zama zake, hatuna haki ya kumnyima Forster kipimo hichohicho.

Hata hivyo isisemwe kwamba baraza hili lilikuwa bora kuliko soko la vitabu. Carpenter, Strachey, Dickinson, Siegfried Sassoon, Forrest Reid na Isherwood, wote walipitia Cambridge. Lawrence alikuwa wa Oxford. Florence Barger, mwandani wa Forster, alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliousoma mswada. Swali kubwa la riwaya, yaani kama bwana na mtunza wanyama wanaweza kuishi pamoja, liliamuliwa na mabwana. Strachey alipoyahesabu majuma yake sita, hapakuwa na Alec barazani wa kumjibu. Naona kwamba ndiyo sababu Alec amebaki mhusika mwembamba zaidi katika riwaya: kila aliyemkagua alimtazama kutoka upande uleule alikokuwa mwandishi.

Mama yake Forster alifariki 1945, kwa hiyo sababu moja ya kuficha ikaondoka. Kamati ya Wolfenden ilipendekeza mwaka 1957 sheria ilegezwe, na mwaka 1967 Bunge likakubali kwa Uingereza na Wales, kwa wanaume waliotimiza umri wa miaka 21. Forster aliishi akayaona hayo, lakini bado hakuchapisha. Juu ya jalada la mswada wake alikuwa ameandika kwamba waweza kuchapishwa, kisha akauliza kama yafaa kujisumbua. Mhakiki anaweza kuuita woga, na sitamkatalia kabisa. Lakini mtu huyuhuyu mwaka 1928 alijitokeza hadharani pamoja na Virginia Woolf kukitetea kitabu cha Radclyffe Hall, *The Well of Loneliness*, kilichopigwa marufuku na mahakama ya London. Aliweza kukipigania kitabu cha mwingine sokoni na kukiweka chake nyumbani.

Mwaka 1952 nakala moja iliyopigwa taipu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari hadi kwa Isherwood, Marekani, ili itolewe baada ya kifo cha mwandishi. Ilipotoka 1971, wengi wa waliopitia kitabu magazetini walisema kimepitwa na wakati, jambo ambalo baraza lilikwisha kulijadili tangu 1933. Isherwood hakujiwekea haki za mapato aliyopewa na rafiki yake. Alizitoa zianzishe tuzo yenye jina la Forster katika jumuiya ya wasanii na waandishi wa Marekani, ambayo tangu 1972 imewapa waandishi vijana kutoka Uingereza na Ireland fedha za kukaa kwa muda nchini humo.