Kistari na Maana ya Neno

Mtu afunguapo kamusi ya Kiingereza, mara nyingi huona kwamba neno limefanyiwa mambo mawili: limekatwa vipande kwa nukta au vistari, kisha limeelezwa maana. Wengi huyapokea mambo hayo kama sheria iliyokuwako tangu kale. Lakini kila kistari kiliwekwa na mtu, na kila maana iliandikwa na mtu, na watu hao walikuwa na sababu zao.

Kwa Kiswahili kazi ya kukata neno ni nyepesi, maana silabi zetu nyingi huishia kwa vokali: ki-ta-bu, ba-ha-ri. Kiingereza sivyo. Katika karne ya 18 vitabu vya shule vya Uingereza, kama kile cha Thomas Dilworth, vilikata neno "habit", yaani mazoea, hivi: ha-bit, na "cluster", yaani kishada, hivi: clu-ster. Mtoto aliyesoma vipande hivyo kimoja kimoja alitamka neno asilopata kulisikia kwa mtu yeyote.

Mwaka 1783 mwalimu wa Marekani, Noah Webster, alitoa kitabu chake cha tahajia. Yeye alikata hab-it na clus-ter, akifuata sauti itokayo kinywani. Mwaka huo huo Uingereza iliukubali kwa mkataba uhuru wa Marekani. Webster aliona kwamba taifa lililojitawala halipaswi kungoja ng'ambo iliamulie namna ya kuandika maneno yake. Mwaka 1828, akiwa amekaribia umri wa miaka 70, alitoa kamusi kubwa yenye maneno yapata 70,000.

Kueleza maana nako hakukosi mkono wa mtu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri huko London mwaka 1755, alipofikia nafaka iitwayo "oats" alieleza kwamba Uingereza hulishwa farasi, bali Scotland huliwa na watu. Hayo hayakuwa maelezo matupu. Kijembe kilikuwamo ndani yake. Na kumbe, kati ya wasaidizi wake sita, watano walikuwa Waskoti!

Wala yaliyoandikwa hayadumu. Neno "today", yaani leo, hapo kale lilikuwa maneno mawili. Baadaye likaunganishwa kwa kistari, "to-day", na likaandikwa hivyo hata mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha kistari kikaanguka. Mwaka 2007 kamusi moja ya Oxford iliondoa vistari katika maneno kama 16,000. Hapakutungwa sheria yoyote. Waandishi walikuwa wamekwisha kuviacha, na kamusi ikawafuata.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya mji ule ule walimoketi, yenye hazina kubwa ya mashairi, hakikuchaguliwa. Uamuzi huo uliwapa watu wengi lugha moja ya kusomea, lakini mtoto wa Mombasa alipoingia shuleni alikuta baadhi ya maneno ya mamake yakihesabiwa kuwa makosa.

Basi, mwanafunzi, itumie kamusi kwa heshima, maana imegharimu jasho la miaka mingi. Lakini usiache kuuliza: ni nani aliyeiandika, na alipoiandika alisikiliza kinywa cha nani?