Vipuri vya mashine za fremu Unguja: vinavyonunuliwa na vinavyochongwa

KISU kikiwa butu au springi ikikatika, karakana ya fremu za picha hulazimika kusimamisha kazi siku hiyo hiyo. Kwa fundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwenye mashine ya miaka mingi, hapo ndipo msako unapoanza, kwani vipuri vya mashine hizo havikai katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi, na muuzaji anayeulizwa "spea ya mashine ya fremu" mara nyingi hajui anaulizwa nini.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya vipuri hivyo si vya mashine za fremu peke yake. Beringi, mkanda, kapasita ya mota na sili za mpira ni zile zile zinazotumika katika mashine ya kusaga nafaka, pampu ya maji na lori. Vinavyobaki, hasa visu na kipigio cha misumari, ndivyo vinavyopaswa kuagizwa au kuchongwa kwa uangalifu. Kosa la wengi ni kuyachanganya makundi hayo mawili, wakaagiza kutoka nje kitu kilichopo Darajani, au wakamchongesha fundi wa mtaani kitu kisichofaa kuchongwa kwa chuma chochote kile.

Kazi ya fremu Unguja imekwenda sambamba na kazi ya picha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, baada ya studio ya A. C. Gomes kuwa imekwishajijengea jina tangu karne ya 19, na picha za studio hizo bado zimetundikwa katika kuta za nyumba nyingi. Baadaye ikaja michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao ngumu za kubandika, ambazo haziwezi kukunjwa. Michoro inayouzwa leo katika maduka ya Gizenga na Hurumzi mingi ni ya turubai, na mtalii huikunja akaitia katika begi. Fundi wa fremu amebaki akimtegemea zaidi mwenyeji: picha ya harusi, cheti cha kuhitimu, Ayatul Kursiyyu ya ukumbini na picha za viongozi. Kati ya Novemba 2020 na Machi 2021 Zanzibar ilipata Rais mpya na Muungano nao ukapata Rais mpya, na ofisi zenye kutundika picha zote mbili zikalazimika kubadilisha zote ndani ya miezi mitano.

Karakana ikifungwa, anayepoteza si fundi tu. Picha ya zamani isiyofungwa vizuri nyuma huingiwa na unyevu na wadudu, na katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ambazo kuta zake hunyonya maji, picha ya namna hiyo haidumu.

Mashine tatu, maradhi tofauti

Karakana ndogo huhitaji mashine tatu. Ya kwanza ni ya kukata mbao za fremu kwa pembe ya nyuzi 45, ambayo maarufu zaidi duniani ni Morsø ya Denmark, yenye visu viwili vilivyokaa kama herufi V na kuendeshwa kwa kanyagio la mguu. Ya pili ni ya kuunganisha pembe, inayosukuma misumari ya umbo la V kutoka chini ya fremu; baadhi huendeshwa kwa mguu na nyingine kwa upepo wa kompresa. Ya tatu ni ya kukata kadibodi ya pambizo, ambayo haina matatizo makubwa zaidi ya wembe kuisha na reli kuchakaa.

Visu vya mashine ya kwanza ndivyo vinavyostahili maelezo marefu. Huuzwa kwa jozi, cha kulia na cha kushoto, na sharti vinolewe kwa jozi. Kikinolewa kimoja peke yake, kimo chake hupungua, na pembe ya fremu huacha mwanya ambao mteja ataujaza kwa macho kabla fundi hajaujaza kwa poti. Visivyofaa ni kuvinoa kwa jiwe kavu la umeme, lile la kunolea mapanga. Jiwe hilo hukipasha chuma moto, na makali yakishageuka rangi kuwa ya buluu, ugumu wake umekwisha; kisu kitakata mbao mbili tatu na kuwa butu tena. Huhitajika mashine ya kusaga bapa yenye maji ya kupoza, na mwinuko wa asili wa kisu ufuatwe bila kuongezwa wala kupunguzwa. Karakana za mbao zinazonoa visu vya mashine za randa huwa na mashine ya aina hiyo au hujua ilipo. Jozi mpya bado inauzwa na wafanyabiashara wa vifaa vya fremu wa Ulaya, kwa kuwa umbo la mashine hii limebadilika kidogo sana kwa miongo mingi. Mwenye uwezo anunue jozi ya pili, moja ikiwa kazini na nyingine ikiwa kwa mnoaji.

Mashine ya kuunganisha huugua sehemu moja: kipigio, yaani kile kipande chembamba kinachousukuma msumari juu. Ncha yake ikilika, msumari hupinda au hubaki nusu ndani. Kipande hicho kinaweza kuchongwa, lakini kwa chuma cha zana kinachokubali kutiwa ugumu kwa moto. Nondo ya ujenzi haifai. Aidha, misumari yenyewe hutofautiana. Ile ya Cassese ya Ufaransa haina lazima ya kuingia katika mashine ya kampuni nyingine, na kulazimisha msumari usio wake ndiko kunakovunja vipigio vingi.

Namba kwanza, duka baadaye

Anayekwenda dukani na beringi mkononi hufika mbali kuliko anayekwenda na jina la mashine. Ubavuni mwa beringi huandikwa namba ambayo ni ile ile kwa watengenezaji wote. Yenye namba 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene milimita 12, iwe imetengenezwa Japani au Ujerumani. Ya 6204 ni 20, 47 na 14. Namba ikiwa imefutika, vipimo hivyo vitatu vinatosha. Mkanda wa umbo la V nao una herufi na namba: A ni wa upana wa milimita 13 na B wa milimita 17, na tarakimu zinazofuata kwa kawaida ni urefu kwa inchi.

Kapasita ya mota isomwe thamani yake kwa maikrofaradi, na mpya iwe na thamani hiyo hiyo. Volti zake zaweza kuwa sawa au kuzidi, zisipungue. Mota iliyoungua haina haja ya kutupwa, kwani mafundi wa kusuka mota wapo mjini. Tahadhari ni kwa mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani. Nyingi ni za volti 110 na mzunguko wa 60, nazo zikiwekewa transfoma hapa zitazunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa kuwa transfoma haibadilishi mzunguko wa 50 wa umeme wa Tanzania.

Boliti nazo zina mtego wake. Mashine za Kiingereza za zamani zilitumia nyuzi za Whitworth za inchi. Boliti ya nusu inchi ina kipenyo cha milimita 12.7 na nyuzi 12 kwa kila inchi, wakati ya milimita 12 ina hatua ya milimita 1.75. Kwa macho zinafanana. Anayeikaza kwa nguvu huharibu tundu la mashine, na hapo gharama si ya boliti tena.

Wapi pa kwenda

Kwa vipuri vyenye namba, pa kuanzia ni maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe. Vikikosekana, boti ya mwendo kasi hufika Dar es Salaam kwa muda wa takriban saa mbili, na mitaa ya Gerezani na Kariakoo ina wauzaji wa beringi, mikanda na sili pamoja na mafundi wakerezaji. Sili za pistoni ya upepo zitafutwe kwa wauzaji wa vipuri vya malori, wakipewa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kwa ushauri wa kiufundi, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyopo Mbweni hufundisha uhandisi wa mitambo. Anayeagiza nje apige picha kibao cha mashine chenye jina, modeli na namba, kabla kutu hakijakila.

Kutu ndicho adui wa kila siku. Hewa ya chumvi hushambulia reli na springi, na masika huongeza unyevu. Mashine ipanguswe na kupakwa mafuta mepesi kila jioni, na vumbi la mbao liondolewe kwanza, maana likichanganyika na mafuta hushika unyevu na kula chuma.

Umeme nao umewahi kutoa hoja kwa mashine za mguu. Unguja ilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja kati ya Mei na Juni 2008, na kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika mfumo wa waya wa baharini wa mwaka 1980 unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Katika miezi ile, mashine ya kanyagio haikuhitaji jenereta.

Mashine iliyotumika, iwe ya Dubai au ya karakana iliyofungwa mjini, ikaguliwe mwili kabla ya visu. Mwili huo kwa kawaida ni wa chuma cha kusubu, kama cha cherehani ya zamani, ambacho hupasuka badala ya kupinda. Ufa wake haushiki kwa vijiti vya kawaida vya kuchomelea. Hutaka vijiti vya nikeli, na chuma kipashwe moto kwanza kisha kipoe polepole. Hata hivyo pembe ya nyuzi 45 inaweza kuhama. Mashine yenye ufa inunuliwe kwa ajili ya kutolewa vipuri tu, na kwa bei ya chuma chakavu.