Mtambo Mdogo wa Majitaka na Mtu wa Kuutunza

Tarehe 3 Aprili 1914, Edward Ardern na William Lockett waliwasomea wanakemia wenzao mjini Manchester matokeo ya jaribio lisilohitaji vifaa vingi. Walijaza majitaka kwenye chupa za kioo, wakazifunika kwa karatasi ya kaki ili mwanga usioteshe mwani, kisha wakapuliza hewa ndani. Mara ya kwanza maji yalichukua kama wiki tano kusafika. Wakaacha tope lituame, wakamwaga maji ya juu tu, wakaongeza majitaka mapya juu ya tope lile lile. Wakarudia hivyo tena na tena, na kila mara muda ukapungua, hadi kazi ya wiki tano ikawa inakamilika ndani ya saa 24. Tope lililobakizwa lilikuwa limejaa bakteria waliokwisha kuzoea chakula chao. Kutokana na chupa hizo ukazaliwa mfumo wa tope hai, ambao leo unatumika katika miji mingi mikubwa duniani.

Anayetafuta mtambo wa shule ya bweni, hospitali ya wilaya au hoteli ya ufukweni huisoma historia hii kama ngazi: chini kabisa tangi la septiki, juu yake vichujio vya mawe vilivyojaribiwa Salford mwaka 1893, na kileleni tope hai. Usomaji huo unapotosha. Manchester ilikuwa na makaa ya mawe, wahandisi na wanakemia wa kudumu. Kilichoipungukia ni ardhi, kwa kuwa vichujio vya jiji zima vingemeza eneo kubwa mno. Tope hai lilipunguza eneo na kudai nishati na uangalizi badala yake. Kwa jiji lile yalikuwa mabadilishano mazuri. Shule iliyoko kijijini ina hali iliyo kinyume kabisa.

Umuhimu wa mtunzaji ulionekana mapema. Mitambo ya kwanza iliiga chupa: jaza, puliza, tuamisha, mwaga. Ni njia inayomudu vizuri maji yanayokuja kwa vipindi, lakini haikupita miaka mingi ikaachwa, kwa sababu ilimlazimu mfanyakazi kufungua na kufunga vali kutwa nzima. Mtiririko usiokatika ukachukua nafasi yake. Njia ya awali ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1970 na 1980, vifaa vya kujiendesha vilipoweza kufanya kazi ile ya mikono. Bakteria walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni nani anayeshika vali.

Uholanzi ilitoa jibu lililokusudiwa hasa kwa sehemu ndogo. Mwaka 1954, huko Voorschoten, mtafiti Aale Pasveer aliwahudumia watu mia chache kwa mtaro uliojizungusha kama pete, uliochimbwa ardhini, wenye brashi moja inayozunguka, ikiyasukuma maji na kuyatia hewa kwa pamoja. Brashi ikizimwa, tope linatuama mle mle. Maji hukaa humo siku nzima au zaidi, ilhali tangi la kawaida la tope hai huyashika saa nne hadi nane tu. Muda huo mrefu ndio kinga ya mtambo mdogo: wanafunzi wote wakioga saa kumi na mbili asubuhi, wimbi la maji yao linapotelea katika ujazo uliokwisha kuwamo.

Katika nchi za joto, mabwawa ya majitaka yanaweza kufanya kazi hiyo bila hata brashi. Mwaka 1961 watafiti Marais na Shaw walichapisha nadharia ya kukadiria ukubwa wake kwa Afrika ya kati na kusini, na Nairobi ikajenga mabwawa makubwa Dandora. Mwani hutoa oksijeni, na joto huharakisha bakteria. Wapo watakaosema kwamba mabwawa hula ardhi na kuzalisha mbu. Kuhusu ardhi wana haki, na kwenye kiwanja kidogo cha mjini hoja hiyo inatosha kuyakataa. Mbu hupungua sana kingo zikijengwa kwa zege na majani yakifyekwa. Wengine watasema mitambo ya kisasa inajiendesha. Inajiendesha mradi umeme upo na kihisi ni kizima. Kipulizio kikisimama kutwa nzima, bakteria wa tope hai wanakosa hewa, na kuwarejesha kunaweza kuchukua siku kadhaa, wakati bwawa halina habari na mgao wa umeme. Hata hivyo, bwawa nalo hujaa. Baada ya miaka kadhaa tope la chini lazima lichotwe, na gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti siku ile ile ya kuchagua, pamoja na jina la atakayefyeka kingo.