Njia ya mkate wa wishwa

Anayefuata nyayo za Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, huvuka kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe, akashika njia ya Witu, kisha akateremka Kipini, Tana inapokutana na bahari. Hapo ndipo wenyeji wanapoonyesha kaburi lake. Wako wanaomweka karne ya 13, wako wanaomshusha hadi zama za karibu zaidi, na ubishi huo haujawahi kumzuia mtu kumwimba.

Kisa chenyewe ni cha ugomvi wa ufalme. Sultani wa Pate alimwogopa ndugu yake huyu, jitu, mpiga upinde na malenga, aliyetembea na mkoba wenye kinu, mchi, jiwe la kusagia na mafiga matatu. Akamtia gerezani. Na hapa ndipo masimulizi yanaponoga, maana silaha iliyomtoa Liyongo kifungoni ilikuwa wimbo.

Kila siku mama yake alimtuma kijakazi, Saada, ampelekee chakula. Askari wa mlangoni wakakichambua: kizuri wakala wao, makombo wakamwachia mfungwa. Liyongo akamwimbia Saada maneno ya kumfikishia mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mama akaelewa. Askari walipoona mkate wa makapi waliudharau, wakaupitisha. Nani anyang'anye wishwa? Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu usiku wa mwisho kabla ya siku aliyopangiwa kuuawa, akawafundisha watu kiitikio. Nje ngoma na matoazi vinarindima, watu wanaitikia. Ndani yeye anakereza minyororo. Walipozinduka alikuwa amekwisha kutoka.

Sijui utungo mwingine wa pwani unaoonyesha waziwazi kiasi hicho kazi ya mwimbaji: anayesikia juu juu anacheza, anayesikia kwa ndani anaokoa mtu. Ndiyo sababu, nadhani, kisa hiki kilikataa kukaa mahali pamoja. Mmisionari Edward Steere alikikuta Unguja na kukichapa London mwaka 1870. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa amekwisha kuchukua mashairi yanayosemwa ni ya Liyongo mwenyewe na kuyafanyia takhmisa, yaani kuyaongezea mistari hadi kila ubeti uwe wa mistari mitano. Na mnamo 1913, Lamu, Muhammad Kijumwa akakitunga upya kwa utendi wa beti zaidi ya 200. Kijumwa alikuwa bingwa wa hati, mchonga mbao na mpiga kibangala, ala ya nyuzi. Mkono ule ule ulioshika kalamu ulijua ngoma ilivyo.

Umbo la utendi ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mistari minne, kila mmoja mizani nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utungo uishe. Kina hicho cha mwisho humwambia msikilizaji mahali pa kupumua. Msomaji haharakishi: hughani kwa sauti, na walio barazani huwa wanajua tayari kwamba Liyongo atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa ahadi ya uwaziri na ya binti wa sultani. Wanachongojea ni namna hilo litakavyosemwa.

Umbo hilo lilikuwa na umri mkubwa hata kabla ya Kijumwa. Utendi wa Tambuka, alioutunga Mwengo wa Athumani kwa ajili ya ufalme wa Pate, una mwaka wa 1728, na unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Mashujaa wa mbali na adui wa mbali.

Karne moja na nusu baadaye, kusini zaidi, umbo lilitwishwa mzigo mwingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alisimulia Wadachi, yaani Wajerumani, walivyotamalaki Mrima, pwani inayoelekea Unguja: bendera ya kampuni yao mwaka 1888, upinzani wa Abushiri bin Salim, mizinga. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Utenzi unabeba mwaka wa Hijria 1307, ulioanza Agosti ya 1889 hiyo hiyo. J. W. T. Allen aliuchapa kitabuni baadaye, lakini ulipokuwa mpya ulikuwa karibu na gazeti kuliko hadithi. Mwengo hakuwa na msikilizaji aliyepata kumwona Herekali. Wa Hemedi walikuwa wamemjua Abushiri kwa sura, na mshairi akikosea neno wangemkatiza.