Nyota Bila Karani

Machi 1843, nyota moja ya kusini, jirani na Msalaba wa Kusini, iliwaka kuliko nyota zote za usiku isipokuwa Sirius. Wanaastronomia huiita Eta Carinae. Ukiwa Nachingwea au Ruangwa, nyota hiyo hupanda kiasi cha nyuzi 40 juu ya upeo wa kusini katika usiku wa Machi na Aprili. Ni majira ya mvua, kweli, lakini mawingu hayafuniki kila usiku.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, na swali langu ni la kihistoria: nani aliiona? Huo ndio wakati mahindi yanapokomaa, na mkulima hulala kwenye dungu akilinda shamba dhidi ya nguruwe. Ndio pia enzi za misafara iliyopeleka pembe za ndovu na watumwa Kilwa Kivinje. Watu waliokesha nje walikuwapo, na macho walikuwa nayo. Hata hivyo, tarehe ninazozitumia hapa zimetoka Rasi ya Tumaini Jema, kwa John Herschel aliyeshtuliwa na nyota hiyo Desemba 1837, na kwa Thomas Maclear aliyeifuatilia mwaka 1843. Wao walikuwa na daftari.

Nyota zinazobadilika mwangaza, nyota geu, zimebaki kuwa kazi ambayo asiye mtaalamu anaweza kuifanya vizuri. Alexander William Roberts alikuwa mwalimu Lovedale, Afrika Kusini. Tangu miaka ya 1890 aliandika makumi ya maelfu ya makadirio ya nyota za kusini, na leo bado yanatumika. Mwaka 1911 Marekani ilianzishwa AAVSO, chama kinachopokea makadirio ya yeyote, kutoka popote.

Njia yenyewe ni rahisi. Unatafuta nyota mbili ambazo mwangaza wake unajulikana, moja kali kuliko ile unayoichunguza na nyingine hafifu kuliko hiyo, kisha unakadiria yako iko wapi kati yake. Namba ikiwa ndogo, nyota ni kali zaidi. Februari 2020 nilifanya hivyo Nachingwea kwa macho matupu. Betelgeuse, ambayo kwa kawaida huipita Aldebaran yenye 0.9, ilikuwa imefifia hadi kukaribia Bellatrix yenye 1.6. Baadaye wataalamu walieleza kwamba nyota hiyo ilikuwa imetupa gesi iliyogeuka vumbi na kuufunika uso wake.

Ugumu uko kwenye tarehe. Saa 2 usiku ya Nachingwea huandikwa saa 17:00 ya dunia. Tena, kwa hesabu yetu ya zamani siku huanza magharibi: usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi. Mtu akisimulia tu, usiku mmoja unapotea. Wanaastronomia wana hesabu yao ya siku, inayobadilika saa sita mchana ya Greenwich, yaani saa 9 alasiri kwetu. Hivyo usiku wetu wote, tangu jua kuzama hadi alfajiri, unabaki chini ya namba moja. Kwa jambo hili hesabu yao inaelewana na ile ya wazee wetu kuliko na kalenda ya ukutani: usiku haukatwi katikati.

Ninapowaambia wenzangu haya, huniuliza faida yake kwa wilaya inayohangaikia bei ya korosho. Nawajibu kwamba mwangaza wa jana haupimwi kesho. Makadirio ya usiku mmoja yakikosekana, hakuna darubini itakayorudi kuyachukua.

Eta Carinae ilififia, na kufikia miaka ya 1870 haikuonekana tena kwa macho matupu. Katika karne ya 20 ilianza kurudi polepole, na sasa inaonekana Ruangwa pasipo na taa nyingi, bila chombo chochote. Itakapobadilika tena, anayelinda mahindi anaweza kuwa wa kwanza kuiona. Awe na kalamu, saa, na nyota mbili za kulinganishia.