Maziwa ya Mama Tangu Zamani Hata Leo

Kwetu Kongo mtoto mchanga akikonda, watu humlaumu mama yake upesi. Lakini tukitazama mambo ya zamani, twaona kwamba mama hakunyonyesha peke yake kamwe. Wengine walimsaidia, wengine walimpoteza.

Wazee wetu walinyonyesha mtoto miaka miwili, hata mitatu. Muda ule mume na mke walitengana, ili mimba nyingine isimnyime mtoto ziwa. Desturi hiyo iliokoa wengi. Walakini tuseme kweli: kunyonya muda mrefu si sawa na kunyonya tu. Katika vijiji vingi mtoto alionjeshwa maji, dawa za majani na uji mwepesi angali mchanga sana.

Kisha wakaja Wabelgiji. Serikali na makampuni ya madini walihitaji watu wa kazi, wakahofu kwamba watu wa Kongo wanapungua. Miaka mitatu kati ya mtoto na mdogo wake waliiona hasara. Basi wakafuata mfano wa Ufaransa. Huko, mwaka 1894, Daktari Léon Dufour alifungua katika mji wa Fécamp nyumba iitwayo Goutte de Lait, maana yake Tone la Maziwa. Akina mama walipewa maziwa safi ya ng'ombe, na watoto walipimwa uzito. Nyumba za namna hiyo zilipofika Kongo, wagonjwa wengi walitunzwa. Lakini pia mama alishauriwa kuachisha mapema, na maziwa ya kopo yakapata heshima.

Hatari ilionekana mahali pengi. Mwaka 1939, huko Singapore, Daktari Cicely Williams alisema waziwazi kwamba kuwadanganya akina mama waache ziwa na kushika kopo ni kuua watoto. Ilipita miaka mingi. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo, na mwaka 2001 likashauri: miezi 6 ya kwanza, ziwa tu, hata maji asipewe, isipokuwa dawa ya mganga.

Kwa nini hata maji? Maziwa ya mama yenyewe ni maji, karibu sehemu 88 katika 100; yatosha kukata kiu, hata wakati wa jua kali. Maji ya kisima huleta kuhara. Tena mtoto aliyejazwa maji hanyonyi sana, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ndipo mama husema, «Maziwa yangu hayatoshi,» kumbe ni kikombe kilichoyapunguza.

Na kikombe hicho mara nyingi hushikwa na mkono mwingine. Bibi ahurumia mjukuu kwa sababu ya joto; mama yuko shambani au sokoni tangu asubuhi; mume hasemi neno. Uchunguzi wa nchi yetu wa miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba karibu nusu tu ya watoto wasiotimiza miezi 6 walipewa ziwa peke yake. Lakini Kinshasa, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba pale wauguzi walipofundishwa vema, akina mama wengi zaidi waliweza.

Basi, tusianze kwa lawama. Mume na apunguze mzigo wa mkewe, amletee chakula cha kutosha. Bibi na ambembeleze mjukuu, kisha amrudishe kwa mamaye anyonye.